Wembe Mpana na Kishungi cha Majaaliwa

Vijana wa saluni mna tabia moja. Mkitaka kununua wembe wa kukunja hamji nyumbani tukazungumza, mnanitumia picha kwenye simu. Wembe umelazwa juu ya kitambaa chekundu, unang'aa, mpini wake rangi ya asali, na chini yake mmeandika: "Mzee Faki, huu vipi?" Mimi nitajuaje? Wembe haujulikani kwa kutazamwa, kama vile mchumba hajulikani kwa picha. Basi nami hujibu swali kwa swali: utamnyoa nani? Wiki iliyopita mmoja wenu alinijibu kwa kicheko, "Yeyote atakayekaa kwenye kiti." Huyo ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Nimenyoa watu Chake Chake, Pemba, kwa zaidi ya miaka arubaini, mpaka mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka nikaacha mwenyewe kabla sijaachishwa. Wembe wangu wa kwanza niliuchagua kwa tamaa ya macho. Nilikanywa, nikakaidi, na kwa wembe ule nikamtia mama mmoja wa kijiji cha Ole hofu ambayo sikuweza kumtoa tena. Nitafika huko. Mnisamehe nikizunguka kidogo, maana si habari ninayoikimbilia.

Tuanze na chombo chenyewe. Anayeanza achukue wembe mwembamba, ubapa wake usizidi upana wa kidole cha shahada. Ncha iwe ya mviringo, kwa sababu ncha iliyochongoka itamtoboa mtu sikio siku ya kwanza, na utakuwa umemkosa yeye na ukoo wake mzima. Ufungue na uufunge mara kumi mbele ya muuzaji. Ukiona unacheza kwenye msumari wake, mrudishie. Ulaze juu ya kioo. Ukitikisika kama meza mbovu, umepinda, na uliopinda haunoleki. Kutu ya mgongoni si neno, utaisugua itoke. Kutu ya kwenye makali ni maradhi ya ndani, hata ukinoa mwaka mzima itajitokeza tena mbele. Na muuzaji akikuapia kwamba wembe mpya uko tayari kunyoa, mwambie ajinyoe yeye kwanza.

Kuna mmoja wenu ataniambia kwamba siku hizi watu wananyolewa kwa wembe wa kubadilisha kiwembe, kila mteja na chake, kikitumika kinatupwa. Ni kweli, na fanyeni hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tukifuta kwa kitambaa na kumwita mwingine, na nikikumbuka naona haya. Hatukuwa tukijua maradhi yanapita kwenye damu namna hiyo. Lakini hata huo wa kubadilisha una upana wake na uzito wake, na mkono unaoushika ni ule ule, kwa hiyo msidhani kwamba maneno yangu yamepitwa na wakati.

Aliyenifundisha ni Mzee Kombo. Alikuwa na kibanda cha makuti karibu na soko, kiti kimoja, kioo kimoja kilichopasuka, na ukanda wa ngozi ya ng'ombe aliouning'iniza kwenye nguzo kwa ajili ya kulainishia makali. Kwenye ukanda, mgongo wa wembe ndio unaotangulia na makali yanafuata nyuma. Mara yangu ya kwanza nilitanguliza makali, kwa nguvu, ili nionekane fundi. Ukanda ukakatika vipande viwili. Mzee Kombo akakiokota kipande cha chini, akakitazama, akasema, "Ahsante Faki, leo umeninyolea ng'ombe." Alikishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, na kila wembe ulipopita pale penye mshono ulitoa mlio, na kila ulipotoa mlio wateja walicheka.

Kosa la pili lilikuwa la Kipemba hasa. Hewa yetu ina chumvi, chuma hakilali usiku mmoja bila kutu, kwa hiyo wembe lazima upakwe mafuta. Mzee Kombo alitumia mafuta ya cherehani. Mimi nikaona, sisi tuna mafuta ya karafuu hapa hapa, yananukia, watu wanayatia mpaka kwenye jino bovu, kwa nini niwekee mafuta ya mashine? Nikaupaka wembe wake, nikauacha usiku kucha. Asubuhi akakaa kitini mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, ndevu laini, mtu wa heshima zake. Nilipomaliza shavu la kwanza akaanza kupumua kwa kelele. La pili akasimama na povu lake. "Umenipaka pilipili?" akauliza. Kidevu kilikuwa chekundu kama tungule iliyoiva, na alikitembeza chekundu hivyo hivyo siku mbili. Basi wembe ni mafuta ya cherehani, membamba, tone moja, kisha ufutwe na kuoshwa kabla ya kumgusa mtu.

Hayo ni ya kucheka. Sasa nikuelezeni la wembe mpana.

Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu. Ukisikia mtu karudi Mombasa na kifurushi, unamfuata mpaka nyumbani kabla hajakifungua. Mfanyabiashara mmoja alikuja na nyembe mbili. Mmoja ulikuwa mwembamba, mpini mweusi, umeshatumika na mtu mwingine, mgongo umelika kidogo. Wa pili ulikuwa mpya, mpana kama upanga mdogo, mpini mweupe wa pembe, na kwenye ubapa wake pamechorwa simba kwa rangi ya dhahabu. Mzee Kombo akaushika ule mwembamba, akaupitisha juu ya ukucha wa dole gumba, akausikiliza, akanipa.

"Chukua huno," akasema.

"Huo mkongwe, mzee."

"Na mie mkongwe. Wanyoa nini wewe, Faki? Wanyoa ndevu za maharamia? Kazi yetu hapa ni vichwa vya watoto, nyuma ya masikio, na shingo za wazee zilizojaa mikunjo. Wembe mpana wakufichia unachokikata."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimeoa karibuni. Nilitaka nikiufungua wembe wangu watu wanyamaze. Nikachukua wa simba. Mzee Kombo akacheka kidogo, akasema huo utafaa siku simba akija kunyolewa, kisha akaendelea na mteja wake. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini hakunikataza kabisa. Nadhani aliamini kwamba mtu hujifunza kwa kuumia. Ni kweli, lakini kinyozi anapojifunza kwa kuumia, anayeumia ni mwingine.

Haukupita mwezi, Mzee Kombo akashikwa na kiuno, hawezi kusimama, na tulikuwa tumeshaahidi kwenda Ole kumnyoa mtoto wa siku saba. Akanituma. Akanishika mkono kabla sijapanda baskeli, akaniambia: "Yule mtoto ana nadhiri. Mamaake ni Bi Mize, kazika watatu kabla ya huyu. Wataka aachiwe kishungi cha nywele utosini mpaka afike miaka saba. Masheikh hawapendi kunyoa kipande na kuacha kipande, na mie nishamwambia. Lakini mama alozika watatu, mwache na kishungi chake. Na chukua wembe wangu."

Sikuchukua wembe wake.

Bi Mize alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, labda wa miaka yangu ile ile. Alikaa juu ya mkeka na mtoto mapajani, na wanawake wa nyumbani wamemzunguka. Jina la mtoto alikuwa amempa Majaaliwa. Nywele zake zilikuwa za kahawia na laini kama zile nyuzi za ndani ya kumvi la nazi. Bi Mize akaniwekea kidole juu ya utosi wa mwanawe, akanionyesha mduara mdogo. "Hapa usipaguse, kaka," akaniambia. "Pengine pote nyoa, hapa niachie. Mie sina nguvu tena ya kuzika." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, na mimi nikaitikia kwa sauti ya fundi.

Nikaufungua wembe wa simba, na kweli wakanyamaza.

Pande za kichwa zilikwenda vizuri. Shida ilianza nilipofika kwenye kishungi. Ubapa ulikuwa mpana kiasi kwamba nikiuinamisha siuoni utosi. Nikazungusha upande wa kulia, nikaona kushoto kumebaki kukubwa zaidi. Nikapunguza kushoto, kulia kukawa kukubwa. Mnamjua seremala anayesawazisha miguu ya meza mpaka meza ikawa kibao? Nilipaswa kusimama. Nilipaswa kusema, Bi Mize, mduara wako umekwenda upande, tuuache hivyo hivyo. Lakini wanawake walikuwa wakitazama, nami nilitaka kishungi kiwe duara safi. Nikaingiza kisigino cha wembe, ile pembe ya nyuma ya ubapa, kwa mara ya mwisho, mtoto akapiga chafya, na kishungi kikaanguka chote juu ya kanga ya mamaake.

Hapakutoka hata tone la damu. Mtoto aliendelea kulala. Hakuna aliyepiga kelele, na laiti wangepiga. Bi Mize alitazama utosi mtupu, akaufunika kwa kiganja, na kiganja kikabaki pale pale. Bibi mmoja akasema kwa upole, "Zitaota, inshallah." Mwingine akaanza kuomba dua. Zile nywele zikapimwa kwa ajili ya sadaka kama ilivyo desturi, kisha zikafungwa kwenye karatasi nikapewa, kwa sababu ni kazi ya kinyozi kwenda kuzizika pahala safi. Nikaondoka bila kunywa hata chai.

Njiani niliposhuka kwenye bonde la mpunga nikaona siwezi kuendelea na karatasi ile mfukoni. Ilikuwa inaniunguza. Nikaitupa bondeni na baskeli ikienda, hata sikutazama imeangukia wapi. Lile la kukata kishungi lilikuwa kosa. Hili la kutupa lilikuwa woga, na mpaka leo nalionea haya zaidi.

Nilipomwambia Mzee Kombo hakunigombeza. Akanipa wembe wake mwenyewe, ule mwembamba aliotumia tangu ujana, akasema niutumie mpaka nipate mwingine. Wa simba nikautumbukiza chooni. Sikuwahi kumwambia habari ya karatasi.

Majaaliwa aliishi. Nilikuwa nikiwauliza watu wa Ole wanaokuja sokoni, kwa kuzunguka, kama naulizia mihogo. Anatambaa. Ana meno. Ametembea. Kila habari njema ilinipunguzia kitu kifuani. Lakini niliambiwa pia kwamba mamaake hamwachi chini, hampeleki harusini, hampeleki pwani, mtoto akikohoa mara moja nyumba nzima haiwi na raha. Akaota nywele mpya, na Bi Mize hakukubali ziguswe na mkasi wala wembe.

Alipofika miaka miwili ikampanda homa asubuhi moja, ikaja degedege, wakamkimbiza hospitali kwa baskeli. Hakufika.

Nilikwenda kuzika. Shehe aliyesimama pale kaburini alisema siku ya mja imeshaandikwa, haisogei mbele wala nyuma, na mimi hilo naliamini kwa moyo wangu wote. Homa haiulizi mtu ana kishungi au hana. Lakini niliamini pia kwamba Bi Mize haliamini, na kwamba miaka miwili ambayo angeweza kufurahi na mwanawe ameimaliza kwa kumlinda. Lawama hiyo niliibeba mimi. Hakuna shehe aliyeweza kunivua.

Baada ya arubaini Bi Mize akaja kibandani. Mwanamke haji kwa kinyozi, basi alisimama nje ya mlango na buibui lake, na mimi nina mteja aliyejaa povu. Nikatoka.

"Faki, sikujia ugomvi," akasema. "Nguo zake zote nshazitoa sadaka, zilikuwa chache. Sina kitu chake. Zile nywele, siku ile ulizichukua wewe. Umezizika wapi? Nataka nizifukue, japo uchache."

Ulimi wangu ukanitangulia. "Sikuzizika, Bi Mize. Nimezihifadhi. Nitakuletea."

Akashika kichwa kwa mikono miwili, akashukuru. Nikarudi ndani nikamalizia ndevu za yule mteja na sikumbuki alikuwa nani.

Nyumbani mwanangu wa kwanza, Juma, alikuwa amelala mkekani baada ya chakula cha mchana. Alikuwa na mwaka na miezi. Nikamkata nywele kidogo nyuma ya sikio kwa wembe wa Mzee Kombo, nikazifunga kwenye karatasi ya daftari, nikaikunjakunja mpaka ikachakaa ionekane ya zamani. Mke wangu akaniuliza naufanyia nini wembe kichwani kwa mtoto, nikamwambia nilimwona chawa. Siku ile ile nikaenda Ole. Bi Mize aliifungua karatasi, akazitazama zile nywele kwa muda nilioona kama mwaka, akaikunja tena, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Mungu akulipe," akaniambia.

Tangu siku hiyo akawa ananiletea. Mashelisheli, mihogo, mbaazi za msimu. Kila aliyetoka Ole alikuwa na kikapu changu. Alijaaliwa mtoto wa kike baadaye, Raya, na akamnyoa mwenyewe, hakuita kinyozi. Lakini mimi alinisalimia njiani kwa jina, akaniombea kheri, na mimi nilikula mihogo yake kwa miaka zaidi ya thelathini nikijua ninachokula. Mara kumi nimeondoka nyumbani kwenda kumwambia ukweli na mara kumi nimeishia msikiti wa njiani. Mzee Kombo alikufa, mkono ukaanza kutetemeka, nikafunga kibanda, na bado nilikuwa sijasema.

Mwaka jana Raya alinipigia simu kwamba mamaake mgonjwa na ananiulizia. Nikaenda. Bi Mize alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, mwili umekwisha, macho mazima. Raya akanivutia kigoda, akatoka. Nikasema nina neno nataka radhi kwalo.

"La nywele," akasema.

Nikasogeza kigoda karibu.

"Faki, mama hajui nywele za mwanawe? Za Majaaliwa zilikuwa nyekundu nyekundu, laini. Ulonletea wewe nyeusi, ngumu. Nlijua pale pale nlipofungua."

"Kwa nini ukazipokea, Bi Mize?"

"Ulikuwa watetemeka. Nkaona huyu naye kabeba mzigo wake." Akapumzika kidogo, kusema kulikuwa kunamchosha. "Hasira zilinjia baadaye. Nlikaa nazo miaka. Nkikuletea mihogo nawaza, na aile imkwame. Kisha zikanitoka, sijui lini."

Ilinikwama, nikamwambia. Yote.

"Basi radhi," akasema. "Nambie tu, zilikuwa za nani?"

"Za mwanangu. Juma."

"Nilijua ni za mtoto. Zilikuwa ndogo ndogo. Sikumjua nani, lakini kila nlipomuombea Majaaliwa nlimtia na huyo. Nlisema, ya Rabbi, na mwenye nywele hizi, mpe umri." Akanigeuzia uso. "Yu hai?"

"Yu hai, Bi Mize. Yuko Muscat, ana watoto."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, na nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi katika wawili hao, mmoja kakua."

Nilikaa nimemshika mkono, mpaka Raya alipoingia akaniambia mgonjwa ataka kupumzika.